Kumfunza mbwa bila kiboko katika nyumba isiyo na muda

Nyumba nyingi za Bweyogerere, Kireka na Namugongo, pembezoni mwa Kampala, ziko hivi: saa kumi na moja na nusu alfajiri wakubwa wameshatoka ili kuwahi jamu ya Jinja Road, saa kumi na mbili gari la shule linapiga honi, na mbwa anabaki na dada wa kazi mpaka jioni. Wenye nyumba hizi huniambia kwamba hawana muda wa kumfunza mbwa. Mimi naishi katika nyumba ya namna hiyo hiyo, na jibu langu ni kwamba mnamfunza kila siku. Akimrukia mgeni na watu wakacheka, amefunzwa kuruka. Akibweka na mtu akamtupia kitu ili anyamaze, amefunzwa kubweka. Sikuombi utenge saa nzima ya masomo. Nakuomba zile dakika chache ambazo uko naye hata hivyo, pale getini, pale jikoni, wakati wa kumpa chakula, uzitumie kumlipa kwa lile unalolitaka.

Mbwa wetu anaitwa Shaba. Ni jike wa kienyeji, mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja. Watu huamini kwamba mbwa wa kigeni ndiye anayefunzika na huyu wa kwetu ni wa kubweka tu. Si kweli. Mbwa wa kienyeji ametoka katika ukoo wa mbwa walioishi kwa kuwasoma watu, na ukimwonyesha kwamba jambo fulani linaleta mukene, yaani dagaa, atalishika haraka.

Mshahara kwanza

Chakula cha mbwa wengi hapa ni posho (ugali wa mahindi) na mukene, na hicho hicho kinatosha kuwa mshahara. Biskuti za madukani si lazima. Chukua mukene wa kujaza kiganja, waoshe mpaka maji yasitoe mchanga tena, kisha wakaushe kwenye kikaango kitupu, bila chumvi na bila mafuta, mpaka wavunjike kwa vidole. Sokoni ulizia waliokaushwa kwenye vichanja. Wale wanaoanikwa chini, ambao huuzwa kwa ajili ya kuku, wana mchanga mwingi.

Kwa kazi ngumu tumia kitu kitamu zaidi. Mapafu ya ng'ombe ni rahisi na mbwa huyapenda kupita kiasi. Yachemshe, yaache yapoe, uyakate vipande vya ukubwa wa punje ya hindi. Ukubwa huo una maana: kipande kikubwa kinamfanya atafune na kutafuta makombo, na akimaliza amesahau alilipwa kwa ajili ya nini. Kipande kidogo kinamezwa na macho yanarudi kwako.

Sisi tuna makopo mawili yenye vifuniko. Moja linaning'inia kwenye msumari ndani ya geti, juu ya mkono wa mtoto mdogo na mbali na sisimizi, na la pili liko kwenye dirisha la jikoni. Hapo ndipo mbwa hukutana na watu. Kopo likiwa kabatini utaliendea wakati tendo jema limeshapita. Na kinachotoka kwenye kopo kipunguzwe kwenye bakuli la jioni, maana mbwa mnene anaugua.

Yapo ambayo usimpe kamwe: vitunguu, hata vile vilivyomo kwenye mchuzi uliobaki, chokoleti, zabibu, mifupa ya kuku iliyopikwa, na magunzi ya mahindi. Hili la magunzi nalisisitiza kwa sababu msimu wa mahindi ya kuchoma watoto huyatupa chini kila mahali. Mbwa humeza kipande cha gunzi, kinakwama tumboni, na bila upasuaji anaweza kufa.

Neno linalotangulia malipo

Chagua neno fupi la kumwambia mbwa kwamba hapo hapo amepatia. Sisi tunasema "Safi!" Siku ya kwanza usimwagize lolote. Sema "Safi!" kisha mpe kipande. Subiri kidogo, rudia. Baada ya kama mara kumi utamwona anageuza kichwa akisikia tu neno. Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya mmeng'enyo wa chakula, aliliona jambo hili kwa mbwa wake: mate yaliwatoka kabla chakula hakijafika, kwa kuona au kusikia kile kinachokitangulia.

Faida ya neno ni uharaka wake. Mkono wako unachelewa kufika kwenye kopo, lakini mdomo hauchelewi. Makalio ya mbwa yakigusa ardhi, "Safi!" itoke hapo hapo, halafu malipo yafuate. Ukichelewa sekunde tatu ameshainuka, na hapo umelipia kuinuka.

Jirani zetu Waislamu hufuga mbwa kwa ajili ya ulinzi na hawataki mate yake yawaguse, maana wanaofuata madhehebu ya Shafi huosha mara saba, moja kwa udongo. Njia hii haiwapi taabu. Chukua mwiko wenye mpini mrefu, paka kijiko chake posho laini iliyochanganywa na mukene wa kusaga, na mbwa alambe kwenye mwiko. Mwiko huo uwe wa mbwa peke yake na uhifadhiwe nje, karibu na bakuli lake.

Geti

Kama una nafasi ya kufundisha jambo moja tu mwaka huu, fundisha geti. Mbwa anayechomoka geti likifunguliwa hugongwa na boda boda, huwatisha watoto wa shule, hupigwa mawe, au hupotea. Na geti hufunguliwa mara nyingi kila siku, kwa hiyo mazoezi yako yamo humo tayari.

Kwanza afahamu "Kaa". Shika kipande mbele ya pua yake, kipandishe taratibu kuelekea kati ya masikio. Pua ikipanda, makalio yanashuka. "Safi!", mpe. Usimkandamize mgongoni, hana haja ya kusukumwa. Akishazoea, tumia mkono mtupu kwa ishara ile ile, na mwishowe neno peke yake.

Sasa nenda naye getini wakati huna haraka, jioni ya Jumapili kwa mfano, geti likiwa limefungwa. Sema "Kaa". Akikaa, gusa komeo. Liguse tu. Kwa mbwa wengi mlio wa lile komeo la chuma ndio unaowasha miguu, na Shaba alikuwa hivyo: akiusikia anainuka, masikio mbele, kucha za nyuma zimeshachimba ardhi, pua imebandikwa kwenye ufa wa geti. Akiinuka, ondoa mkono kwenye komeo, simama kimya. Usimkemee, usirudie amri. Atakutazama, atalitazama geti, atakutazama tena, na baada ya muda atakaa mwenyewe kwa kuwa amekumbuka kilichomlipa mara ya mwisho. "Safi!", kipande, gusa komeo tena.

Akikaa huku komeo linagongwa, lifungue geti kwa upana wa kidole. Akiinuka, geti linafungwa polepole, uangalie lisimbane pua. Akikaa, linafunguka. Upana wa kidole unakuwa wa kiganja, kiganja kinakuwa hatua. Hapo mbwa anaelewa jambo lililo kinyume na alivyodhani: kukimbia kunalifunga geti, kukaa kunalifungua. Na kama mnatoka naye matembezini, malipo makubwa kuliko mukene ni kule kutoka kwenyewe. Mpe ruhusa kwa neno, sisi husema "Haya", kisha mtoke.

Katika siku hizo za mwanzo mfunge kamba ndefu ambayo mtu wa pili ameishika, kwa usalama. Na asubuhi ile ya kuchelewa, honi ya gari la shule inalia na kiatu kimoja hakionekani, usijaribu kufundisha. Mfungie bandani kwa dakika tano, watoto watoke, umfungulie. Siku anayofungiwa haimharibii mafunzo. Siku anayochomoka akafurahia kukimbizana na boda boda ndiyo inayobomoa.

Geti lina jambo jingine, mgeni anayebisha. Mbwa abweke, ndiyo kazi yake. Akibweka mara tatu nne, mwendee, mwambie "Asante", mpeleke mahali pake mbali na geti, pale ndipo alipwe. Ukimlipa getini huku anabweka, umenunua kelele. Usiku fanya vivyo hivyo: tazama dirishani kwanza, maana huenda ana sababu, kisha mshukuru.

Kuitwa

"Njoo" inafundishwa vizuri na watoto. Mmoja asimame karibu na tangi la maji, mwingine karibu na kamba ya nguo, kila mmoja na vipande vichache mkononi. Mmoja anaita, "Shaba, njoo!", mbwa akifika analipwa, halafu mwingine anaita. Dakika tatu kabla ya kuoga zinatosha, na watoto hawajui kwamba wanafanya kazi.

Sharti ni moja, na wakubwa ndio wanaolivunja: mbwa akiitwa asifike akakuta baya. Usimwite ili umpige kwa kiatu alichotafuna. Usimwite ili umfunge mnyororo, umwogeshe, au umtoe kupe. Kwa mambo hayo mwendee pale alipo. Akija kwako akachapwa, kwake umechapa kule kuja, hata kama kiatu kiko pale mbele yake vipande vipande.

Kuruka na sare za shule

Udongo wetu mwekundu hautoki kwenye shati jeupe, na hilo peke yake limewafanya mbwa wengi wafungwe siku nzima. Mbwa anaruka kwa sababu uso wa mtu uko juu na anautaka. Kumsukuma kwa mikono, kupiga kelele na kumtazama machoni yote kwake ni mchezo. Fanya hivi: akiruka, mgeuzie mgongo, kunja mikono, nyamaza. Miguu yote minne ikigusa chini, geuka, "Safi!", mpe kipande chini usawa wa kifua chake. Akiruka tena, mgongo tena.

Kwa mtoto mdogo kusimama kimya mbele ya mbwa anayeruka ni vigumu. Mwanangu wa mwisho alikuwa anapiga yowe na kukimbia, na mbwa alifurahi zaidi. Tukamfundisha kuwa mti: miguu pamoja, mikono kifuani, macho chini. Mkubwa mmoja alisimama karibu kila mara. Usimwache mtoto mdogo na mbwa peke yao, hata mbwa mnayemwamini.

Fimbo, mnyororo na hoja ya ukali

Nimezaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, na huko, kama katika mitaa mingi, wazee waliamini kwamba mbwa mlinzi lazima afungwe mchana kutwa na aogope fimbo, la sivyo atakuwa rafiki wa wezi. Wapo wanaoamini hivyo hadi leo. Naiheshimu hofu yao, kwa sababu wizi ni wa kweli. Ila njia hiyo haizai mlinzi.

Mbwa aliyefungwa mfupi siku nzima hawezi kujifunza nani ni mtu wa nyumbani na nani siye, kwa hiyo humrukia yeyote atakayefika karibu, na mara nyingi anayefika karibu ni mtoto. Anayepigwa hujifunza kuogopa mkono, na mbwa mwenye hofu hukimbia au huuma bila kuonya. Akikoromea mtu, usimwadhibu kwa kukoroma. Kule kukoroma ni onyo. Ukilifuta, siku nyingine ataanza na meno.

Mwaka 2020 watafiti wa Ureno walichapisha matokeo yao juu ya mbwa 92 wa majumbani waliotoka katika shule mbalimbali za mafunzo. Waliofunzwa kwa kuumizwa na kutishwa walionyesha dalili nyingi zaidi za mfadhaiko wakati wa masomo, na homoni ya kotisoli katika mate yao ilipanda zaidi baada ya somo kuliko kwa wale waliofunzwa kwa zawadi.

Na hapa nyumbani Uganda tunao mfano ambao ningependa kila mwenye fimbo auone. Gulu kuna mradi wa mbwa wa faraja ulioanzishwa na Francis Okello Oloya, mtaalamu wa saikolojia aliyepoteza macho utotoni baada ya bomu kulipuka shambani. Watu wanaobeba majeraha ya moyo ya vita vya kaskazini hukutanishwa na mbwa waliokuwa hawana kwao, nao hujifunza kuwatunza na kuwafunza. Mbwa hao ni wa kienyeji, wale wale tunaowarushia mawe.

Kama lazima umfunge mchana, iwe kamba ndefu, kivuli, maji, na saa chache. Mpe kazi ya kichwa pia: weka chakula chake kwenye sufuria kuukuu pamoja na mawe yaliyo makubwa kuliko mdomo wake, ahangaike kukichokonoa. Dakika kumi za kazi hiyo zinamtuliza kuliko kuzunguka kigingi siku nzima.

"Acha", na nyama inayorushwa juu ya ukuta

Wezi wa mitaa yetu hurusha nyama yenye sumu. Ndiyo maana kwetu mbwa halipwi kwa kipande kilichotupwa ardhini, hula kutoka mkononi, kwenye mwiko au kwenye bakuli lake tu.

Ficha mukene ndani ya ngumi, mwache anuse, alambe, achokoe. Usiseme kitu. Mara atakapoiondoa pua yake, "Safi!", na mlipe kutoka mkono wa pili. Anapojitoa mwenyewe kila mara, anza kusema "Acha" kabla ya kumwonyesha ngumi. Kisha weka kipande chini na ukifunike kwa kiatu. Kisha usikifunike, lakini kiatu kiwe karibu. Alipwe kitu kizuri kuliko kile alichokiacha, mapafu kwa mukene. Hatua ya mwisho, rafiki ambaye mbwa hamjui arushe kipande cha nyama safi kutoka nje ya ukuta, nawe uwe ndani na kamba mkononi. Rudia sehemu mbalimbali za uwanja.

Mafunzo haya yanapunguza hatari, hayaiondoi. Usiku mbwa alale karibu na mlango wa nyumba, si pembeni mwa ukuta, na alfajiri mtu azunguke uwanja kabla hajafunguliwa. Akionekana anatetemeka, anatokwa na povu au anaanguka, usipoteze muda na maziwa. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, na kama kuna mabaki ya alichokula yabebe kwenye mfuko.

Anayekaa nyumbani ndiye mwalimu

Dada wa kazi anashinda na mbwa kuliko nyote. Mfundishe yeye kwanza, tena kwa heshima, na kazi hii ihesabiwe kwenye mshahara wake. Wetu aliogopa mbwa alipofika. Alianza kwa kumlipa kupitia wavu wa banda, na leo Shaba humsikiliza yeye kabla yangu.

Bandikeni orodha ya maneno kwenye mlango wa jikoni: Safi, Kaa, Haya, Njoo, Acha, Asante. Basi. Nyumba ikisema "kaa" asubuhi na "tuula", yaani kaa kwa Kiganda, jioni, mbwa anaonekana mkaidi kumbe hajui mnataka nini. Lugha yoyote inafaa, ili mradi iwe moja.

Mtoto wa mbwa

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama wiki ya 14 ubongo wake unapokea dunia kirahisi kuliko utakavyopokea tena. Amwone mtu mwenye kofia ya boda boda, mwenye kanzu, mwenye mwavuli, asikie mvua kwenye mabati, akiwa mbali kiasi cha kutoogopa, kila kitu na kipande chake. Haja zake ni rahisi: akiamka, akila, akimaliza kucheza, mpeleke pale pale kwenye nyasi na umlipe akimaliza. Akikosea ndani, pangusa unyamaze.

Chanjo

Kichaa cha mbwa bado kinaua watu Uganda. Mtoto wa mbwa achanjwe akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya wilaya, huwa kuna nyakati za chanjo ya umma. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo. Na mbwa mpole aliyebadilika ghafla, akawa mkali au akajificha, huenda ana maumivu au ugonjwa. Huyo usimfunze, msimguse, aitwe daktari.

Malipo yapungue lini?

Watu huuliza kama watabeba mukene maisha yote. "Kaa" ikishakuwa ya kawaida kila mahali, lipa mara moja moja bila mpangilio, nyingine sifa tu au kukunwa kifuani. Geti litajilipa lenyewe kwa kutoka. Kuruka kukiisha, salamu ndiyo zawadi. Lakini "Njoo" na "Acha" endelea kuzilipa kila mara, na kwa kilicho bora, kwa sababu siku utakayozihitaji kutakuwa na gari barabarani au nyama ya mwizi ardhini.